Ndugu Yako Amelazwa Hospitali ya Akili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Haki za Mgonjwa

Mdogo wangu alilazwa mara ya kwanza akiwa na miaka 22. Tangu siku hiyo nimekaa sana kwenye mabenchi ya hospitali za akili, na huko ndugu za wagonjwa huulizana maswali yale yale kwa sauti ya chini, kwa kuwa wanaona haya kumuuliza muuguzi. Nimeyakusanya hapa. Mimi si wakili wala daktari. Sheria ninazozitaja zaidi ni za Kenya, kwa sababu ndizo nilizolazimika kuzisoma. Za Tanzania na za kimataifa nimezigusa pale zinapotusaidia.

Mtu akishaingia hospitali ya akili, haki zake zinaishia getini?

Hapana. Katiba ya Kenya ya 2010 haisemi popote kwamba heshima ya mtu isubiri mpaka akili itulie. Ibara ya 28 inampa kila mtu haki ya utu wake kuheshimiwa na kulindwa. Ibara ya 29 inakataza kumnyima mtu uhuru wake kiholela. Ibara ya 25 inataja haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Ya kwanza kati ya hizo ni kutoteswa, kutotendewa ukatili na kutodhalilishwa. Hakuna daktari mkuu wala kamati ya hospitali yenye uwezo wa kuiondoa.

Juu ya Katiba kuna Sheria ya Afya ya Akili, iliyotungwa 1989 na kurekebishwa 2022. Marekebisho yale ndiyo yaliyoingiza haki za mgonjwa waziwazi: haki ya kuridhia matibabu, kushiriki kupanga matibabu yake, kupata habari, kutunziwa siri, kulindwa dhidi ya unyanyasaji, na kutobaguliwa na kampuni za bima. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, Kenya mwaka 2008 na Tanzania 2009, na mkataba huo unamhesabu pia mtu mwenye ugonjwa wa akili wa muda mrefu.

Kwa nini unasisitiza tusimwite "kichaa"? Si neno tu?

Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Walioandika Katiba waliona neno hilo lina uzito wa kutosha kuandikiwa ibara.

Angalia majina tu. Nairobi mtu akitukanwa huambiwa ametoka Mathari. Bara Tanzania huambiwa apelekwe Mirembe, na Unguja ni Kidongo Chekundu. Hospitali tatu zimegeuzwa matusi, kwa hiyo anayelazwa humo huingia akiwa tayari ameshatukanwa. Mathari yenyewe ilianza 1910 mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, ikapewa jina hilo 1924. Ndui imetokomezwa duniani, lakini fikra ya kumtenga mgonjwa ili asituambukize bado tunayo.

Wodini sikiliza wanamwitaje. Akiitwa kwa jina lake, mengine huwa na nafuu. Akiitwa "yule wa kitanda cha saba" au "mgonjwa wako", wewe mtaje kwa jina lake kila unapozungumza, mpaka wazoee.

Nani anaweza kumlaza mtu bila hiari yake?

Si kila mtu, na si kwa neno la mdomo. Sheria inataka maombi ya maandishi, kwa kawaida kutoka kwa mume, mke au jamaa, pamoja na mapendekezo ya mtaalamu wa afya aliyempima mgonjwa mwenyewe. Kulazwa huko kuna muda uliowekwa. Muda ukiisha, lazima hali yake iangaliwe upya, na asipohitaji kubaki aachiliwe.

Uliza mambo matatu, na uyaulize siku ile ile: amelazwa kwa hiari au bila hiari? Nani ametia saini? Muda unaisha lini? Mara nyingi utakuta ndugu aliyetia saini hakujua anatia saini nini. Baba yangu mzee alitia kidole kwenye karatasi akidhani ni ya kupokea dawa. Hospitali hiyo siitaji. Ninalotaka ulijue ni kwamba hakuna aliyemsomea, na sisi wengine hatukuomba tusomewe.

Kuna jambo linalobishaniwa hapa, na ni vizuri ulijue. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa watu wenye ulemavu ilieleza mwaka 2014 kwamba ugonjwa wa akili si sababu halali ya kumnyang'anya mtu uamuzi juu ya mwili wake, na kwamba kazi ya serikali ni kumsaidia aamue, si kumwamulia. Sheria za nchi nyingi, zetu zikiwamo, bado zinaruhusu kulaza kwa lazima. Mimi nimesimama mlangoni usiku wa manane mdogo wangu akiwa ameshika panga, naye haoni kwamba sisi ni ndugu zake. Siwezi kumwambia mama wa mtu kwamba usiku kama ule asimpeleke popote. Lakini nimeona pia usiku mmoja wa hatari ukitumiwa kuhalalisha miezi mitano ya kufungiwa, na hilo ndilo kamati ile inalolikemea. Hatari ya usiku ule ilikuwa imepita kabla ya wiki mbili.

Aliingia kwa hiari yake. Sasa anataka kutoka, wanamkatalia.

Aliyeingia kwa hiari anaweza kuomba kutoka. Hospitali inaweza kumtaka aandike notisi, na inaweza kumpima kwanza. Haiwezi kumgeuza kimyakimya akawa mgonjwa wa lazima. Ikitaka kufanya hivyo ifuate utaratibu wote niliousema juu, kuanzia maombi na kupimwa mpaka kuwekewa muda.

Mwezi Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari. Nilipoisikia habari ile nilijiuliza walikuwa wanakimbia nini, kwa sababu mtu hakimbii mahali anapopata nafuu na anapojua siku yake ya kutoka.

Na akizuiliwa kinyume cha sheria kabisa?

Ibara ya 51 inampa yeyote aliyezuiliwa haki ya kuomba mahakama iamuru aletwe mbele yake na aliyemzuilia aeleze sababu. Mawakili huiita habeas corpus, kwa Kilatini. Ni moja ya zile haki za Ibara ya 25 zisizoweza kupunguzwa. Ndugu au rafiki anaweza kwenda mahakamani kwa niaba yake, kwa sababu Ibara ya 22 inaruhusu mtu kumtetea asiyeweza kujitetea. Kama hamna pesa ya wakili, iko huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016.

Anapewa dawa ambazo hata jina hajui. Ana haki ya kuuliza?

Ana haki ya kuuliza na ya kujibiwa kwa lugha anayoielewa. Ridhaa maana yake ni kwamba ameelezwa ugonjwa wake unaitwaje, dawa ni ipi, inasaidia nini, itamdhuru vipi, na njia nyingine ni ipi, kisha akakubali bila kutishwa. Kusema "meza" si kuomba ridhaa.

Madhara ya dawa ndiyo yanayofichwa zaidi, na kufichwa huko ndiko kunakowafanya wagonjwa wazikatae. Dawa za zamani za kutuliza, kama haloperidol na chlorpromazine, zinaweza kumkakamaza mtu shingo, kumtetemesha mikono, kumtoa udenda, au kumpa hali ya kutotulia miguu mpaka azunguke usiku kucha. Wodini hali hiyo huchukuliwa kuwa ugonjwa umezidi, akaongezwa dozi. Mdogo wangu alitembea hivyo siku nne. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, Mungu amlipe, ndiye aliyesema "huyu si ugonjwa, ni dawa", akamwita daktari. Dawa ya kupunguza madhara iliongezwa, na asubuhi akalala.

Kwa hiyo ukimwona amebadilika baada ya dawa mpya, mwambie daktari ni nini kimebadilika na tangu siku gani, na uombe kiandikwe kwenye faili.

Akibishana kidogo tu anachomwa sindano. Ni sawa?

Si sawa. Mwaka 1991 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni 25 za kuwalinda watu wenye magonjwa ya akili. Moja inasema wazi kwamba dawa hutolewa kwa ajili ya kutibu au kutambua ugonjwa, kamwe si kama adhabu wala kwa kuwarahisishia kazi wengine. Mtu aliyelala mpaka saa nane mchana kwa sababu jana alidai chai yake ameadhibiwa, hata kama kilichotumika ni sindano.

Nimemkuta amefungwa kitandani. Wanasema ni kwa usalama wake.

Swali hili nitalijibu kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo watu huumia, wengine hufa.

Kwa kanuni zile za 1991, kumfunga mgonjwa au kumfungia chumba cha peke yake kunaruhusiwa pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kuzuia madhara yaliyo karibu kutokea, kwake au kwa mwingine. Kusiendelee zaidi ya inavyolazimu. Sababu, namna na muda viandikwe kwenye faili. Awe chini ya uangalizi wa karibu wa wahudumu waliofunzwa, tena katika hali ya kibinadamu. Na mwakilishi wake aarifiwe bila kuchelewa. Sheria ya Kenya iliyorekebishwa nayo imeweka mipaka. Wako wanaotaka zaidi: Juan Méndez, alipokuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, aliomba mwaka 2013 kwamba kuwafunga na kuwatenga wagonjwa wa akili kupigwe marufuku kabisa. Nami naona kamba inapokuwapo wodini hufikiwa kabla ya maneno, kwa sababu kumfunga mtu ni dakika mbili na kuzungumza naye ni saa nzima.

Ukimkuta hivyo, usianze kwa kupiga kelele. Uliza kwa utulivu alifungwa saa ngapi, nani aliamuru, alikuwa anafanya nini kilichohitaji kamba, mara ya mwisho amepewa maji na kupelekwa choo ni saa ngapi, na atafunguliwa lini. Omba uoneshwe palipoandikwa. Kisha mtazame. Mikono ina rangi gani chini ya kamba? Vidole ni vya baridi? Ameloa? Amelazwa chali akiwa na usingizi wa dawa, hali inayoweza kumfanya apaliwe na matapishi? Kama hajui alipo au hapumui vizuri, hayo si malalamiko tena, ni dharura. Ita daktari hapo hapo.

Kama hakuna palipoandikwa, chukua daftari lako uandike wewe: tarehe, saa, uliyoyaona, aliyekuwa zamu. Maneno "alifungwa sana" hayana uzito mbele ya bodi yoyote. "Jumanne saa tano asubuhi nilimkuta amefungwa mikono yote miwili, shuka limeloa, na faili halina maelezo" yana uzito.

Kuna na kamba isiyoonekana, nayo ni mgonjwa kuambiwa "ukisumbua utaingia chumba kile". Wodi nzima hutawaliwa na mlango mmoja wa chuma. Ukisikia kitisho hicho, kiandike pia.

"Shoti ya umeme" bado ipo? Ni mateso?

Ipo duniani, na kwa watu wachache wenye sonona kali sana inasaidia. Ifanywe mgonjwa akiwa ameridhia, amelazwa kwa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli. Bila dawa ya usingizi haifai kufanywa, na Shirika la Afya Duniani limesema hivyo kwa miaka mingi. Mkiambiwa itafanywa, swali la kwanza liwe: nani atakuwapo wa kumlaza usingizi?

Simu yake imechukuliwa, nguo zake zimechukuliwa, amenyolewa.

Kanuni za 1991 zinampa mgonjwa haki ya kuwasiliana na watu wa nje, kutembelewa faraghani kwa nyakati zinazofaa, kupokea barua zisizofunguliwa, kutumia simu, kusoma magazeti, kusikiliza redio, na kuabudu kwa dini yake. Hospitali inaweza kuwa na sababu ya kuhifadhi simu, kwa mfano wizi au wagonjwa kupigana picha. Basi iwepo ya wodi, na kwa saa zinazojulikana.

Nguo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kaptura ya watu watatu isiyo na kifungo, inayoshikiliwa kwa mkono mtu akitembea, inamwambia kila siku kwamba yeye si mtu kamili. Kunyoa kwa sababu ya chawa kunaeleweka akielezwa na akikubali. Kumnyoa Mrasta au kumvua mtandio mwanamke wa Kiislamu mbele ya wanaume kwa kisingizio cha usafi hakueleweki. Kuoga uchi kwa foleni vilevile. Mlango wa choo uwepo, hata kama hauna komeo la ndani.

Wanamfanyisha kazi: kufagia, kufua, kulima.

Kazi aliyoichagua, inayomrudishia utaratibu wa siku, ni sehemu ya kupona. Kazi ya lazima imekatazwa. Na akifanya kazi ambayo mtu mwingine angelipwa, naye anastahili malipo yale yale.

Naweza kuona faili lake? Na yeye je?

Yeye kwanza. Habari zilizomo ni zake, na sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda data inampa haki ya kuona habari zake, huku ikizihesabu habari za afya kuwa nyeti. Wewe ndugu unaliona kwa ruhusa yake au kama mwakilishi wake.

Hapa nasi tujitazame. Siri yake si mali ya ukoo. Nimeshuhudia shangazi akisimulia ugonjwa wa mpwa wake harusini, na posa ya kijana ikafa. Daktari akikataa kukwambia kitu kwa sababu mgonjwa amekataa, daktari huyo anafanya kazi yake.

Ni dada yangu, nami nahofia usalama wake.

Hofu hiyo ina msingi. Uliza wodi ya wanawake inalindwa na nani usiku, kama kuna mhudumu wa kike kila zamu, na kama wanaume wana njia ya kupita. Akikwambia ameguswa, usianze kwa kusema "ni ugonjwa unasema". Mpeleke akapimwe mapema, kituo kingine ikibidi, na uripoti polisi. Wanaowadhulumu wagonjwa wa akili hutegemea jambo moja, kwamba hataaminiwa.

Vilevile hakuna anayeruhusiwa kumfunga kizazi kama tiba ya ugonjwa wa akili, hata familia ikiomba. Kanuni za 1991 zimelikataza hilo moja kwa moja. Njia za uzazi wa mpango ni uamuzi wake.

Anasema tumbo linamuuma, wanasema "ni akili tu".

Sisitiza apimwe. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 mpaka 20 mapema kuliko wengine, wengi kwa magonjwa ya mwili yanayotibika. Sukari, presha, kifua kikuu, kufunga choo kwa sababu ya dawa, yote haya hufichwa na neno "akili". Uliza mara ya mwisho alipimwa uzito na presha lini.

Amepona lakini hawamwachii kwa sababu ya bili.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia kina mama wawili katika hospitali ya uzazi kwa sababu ya kutolipa bili kulikiuka Katiba. Deni hudaiwa kama madeni mengine, mwili wa mtu hauwekwi rehani. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, uombe msamaha wa bili au makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, kwa maandishi.

Alijaribu kujiua. Polisi watamkamata?

Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa kilitangazwa na Mahakama Kuu mwezi Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo mpeleke hospitali bila kuchelewa, na usikubali mtu akutishe kwa jambo hilo ili utoe hongo.

Sisi wenyewe tulimfunga nyumbani kabla ya kumleta. Tunaweza kuidai hospitali haki?

Mnaweza, na mnatakiwa. Nasi tulimfunga mdogo wangu kamba ya manila kwenye mguu wa kitanda, siku mbili, kwa sababu gari halikuwapo na majirani walikuwa wameanza kuokota mawe. Alama bado anayo kifundoni. Nimemwomba radhi, naye alinyamaza muda mrefu kisha akaniambia kamba haikumuuma kama kule kupita kwetu pembeni yake bila kumtazama.

Kufungwa kwa minyororo, majumbani, kwa waganga na kwenye kambi za maombi, kumeripotiwa katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwamo. Hakuna dini wala mila inayokuhalalisha. Lakini serikali isiyoweka kliniki karibu nayo imeshika ncha moja ya mnyororo ule.

Nikilalamika, hawatamlipizia yeye?

Swali hili ndilo linalotufunga midomo sote. Nilikaa kimya wiki tatu kwa ajili yake.

Anza chini. Zungumza na muuguzi mkuu wa wodi faraghani, si mbele ya wenzake, ukitaja tukio moja na tarehe. Wengi hurekebisha hapo hapo. Isipokuwa hivyo, andika barua kwa mganga mkuu wa hospitali, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Tembelea mara nyingi zaidi baada ya barua, kwa siku zisizotarajiwa, na mwende wawili. Mgonjwa anayejulikana kuwa na watu huguswa kwa uangalifu.

Juu ya hospitali, Kenya kuna Bodi ya Afya ya Akili iliyoundwa kwa sheria, mabaraza yanayosajili madaktari na wauguzi, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na mahakama. Tanzania kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Na bara letu lina mfano wake. Mwaka 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua dhidi ya Gambia, katika kesi iliyohusu wagonjwa wa akili waliowekwa kwenye wodi iitwayo Campama kwa sheria ya zamani ya kuwazuilia "wendawazimu". Tume ilisema wagonjwa wana haki ya kuishi maisha yenye heshima kama mtu mwingine yeyote, na kwamba lugha ya sheria ile yenyewe iliwadhalilisha.

Wauguzi nao wanateseka. Je, si tunawaonea?

Wanateseka kweli. Muuguzi mmoja na wagonjwa hamsini usiku, glavu hakuna, mlinzi amelala getini: hapo hata mtu mwema hufikia kamba. Kwa wastani nchi duniani hutenga chini ya asilimia 2 ya bajeti ya afya kwa afya ya akili. Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba Kenya itangaze magonjwa ya akili kuwa dharura ya kitaifa. Ukiandika malalamiko, taja na idadi ya waliokuwa zamu. Mara nyingi kosa ni la aliyepanga zamu, na muuguzi atakushukuru.

Kuna mahali wameweza bila kufuli?

Wapo. Trieste, Italia, daktari Franco Basaglia alifika 1971 kwenye hospitali yenye wagonjwa wapatao 1,200, akafungua milango na kuhamishia huduma mitaani. Mwaka 1978 Italia ikatunga sheria ya kuacha kuwaingiza watu kwenye hospitali kubwa za kuwafungia. Lakini hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Aro, karibu na Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianza mwaka 1954 kuwapangisha wagonjwa kwenye nyumba za wanakijiji jirani na hospitali, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia. Mchana walipata matibabu, jioni walikaa na watu. Tanzania nayo ilikuwa na vijiji vya kilimo vya kuwarudisha wagonjwa kwenye maisha. Ninapoambiwa mlango wazi ni anasa ya Wazungu, huwakumbusha kijiji kile cha Aro.

Akitoka, bado ni mtu mzima kisheria?

Ndiyo. Kulazwa hakumfanyi apoteze shamba, akaunti ya benki, watoto wala ndoa. Kura yake Kenya haiondoki ila kama ametangazwa rasmi kuwa hana akili timamu, na kulazwa peke yake si tangazo hilo. Ndugu wanaokimbilia kuuza kiwanja chake wakati yuko wodini wanamwibia.

Siku ya kumtembelea nije na nini?

Daftari na kalamu. Orodha ya dawa alizowahi kutumia na zilizomdhuru. Nakala ya kitambulisho chake. Sabuni, mswaki na chupi zilizoandikwa jina kwa wino usiofutika. Chakula akipendacho, cha kutosha na jirani yake wa kitanda, kwa sababu huenda yule hana anayekuja. Usije na mhubiri wa kushtukiza, wala na jamaa kumi wa kumwangalia. Kaa upande wake, umpe habari za nyumbani, nani kajifungua, mvua imefika wapi, umuulize anataka nini, kisha umsikilize mpaka amalize. Na mletee champali. Ukija tena ukamkuta miguu mitupu, leta nyingine, na uandike tarehe.